Kuzunguka nchi za Nordiki kwa treni na meli kiangazi: jipange hivi

Kwanza kabisa baridi. Bergen, mji wa pwani ya magharibi ya Norwe, mwezi wa Julai mchana mara nyingi ni nyuzi 17 au 18 hivi na mvua juu, kwahiyo usiende na tisheti tupu, vaa tisheti, sweta, halafu jaketi la kuzuia mvua na upepo, na hilo jaketi likae kwenye begi dogo la mkononi, maana ukilizika chini ya sanduku siku ya kulihitaji hulipati.

Njia nayoipenda mimi ni kuanzia Helsinki kumalizia Bergen, unaenda mbele tu hurudi nyuma. Viza ya Schengen moja inatosha Ufini, Uswidi na Norwe, ila pesa tofauti, Ufini ni euro, wale wengine kila mmoja ana krona yake, we lipa kwa kadi tu usihangaike kubadilisha.

Helsinki kwenda Stockholm panda meli ya usiku, inatoka jioni inafika asubuhi, yaani umelipa nauli na kitanda kwa mpigo. Kebini isiyo na dirisha ndo rahisi na inatosha kabisa kwa sababu dirisha lako ni deki. Amka mapema sana!! Kabla ya kufika Stockholm meli inapita katikati ya visiwa masaa kadhaa, vingine vidogo vina nyumba moja tu nyekundu na gati lake la mbao, ukilala umepoteza kitu kizuri kuliko vyote kwenye meli. Kumbuka pia Ufini wako mbele ya Uswidi saa moja, soma ratiba vizuri.

Stockholm mpaka Oslo kuna treni ya moja kwa moja, ila kiangazi ndo wanakarabati reli na wakati mwingine unapewa basi, angalia kabla hujanunua tiketi.

Sasa Oslo–Bergen, hii ndo yenyewe. Kama masaa saba hivi, kata siti mapema na ukae upande wa kushoto. Ukifika kituo cha Finse, mita 1222 juu ya usawa wa bahari, unaona mlima wa barafu wa Hardangerjøkulen, na theluji chini bado ipo hata Julai. Kama una siku ya ziada shuka Myrdal uchukue treni ya Flåm, kilomita 20 tu lakini inateremka zaidi ya mita 860, na inasimama kwenye maporomoko ya Kjosfossen watu washuke wapige picha, pale maji yanakurushia manyunyu usoni na simu inalowa, funga zipu kabla hujashuka. Toka Flåm kuna boti inapita Nærøyfjord, mkono mwembamba wa bahari ulioingia kati ya milima, hadi Gudvangen, kama masaa mawili, milima imesimama pande zote na upepo wa deki unakata masikio, vaa kofia ya sufu ukae nje usikae ndani. Gudvangen unapanda basi hadi Voss, kisha treni ya Bergen.