Usiachie mkono wa mgonjwa mapema

Wauguzi wenzangu wa wodi za upasuaji, nawaomba jambo moja: tuache kuandika 20 kwenye safu ya upumuaji kwa mazoea. Nimeona chati za wodi nzima, wagonjwa wote wameandikiwa 20, hata yule aliyekuwa akihema huku mabega yakipanda.

Ukimaliza kuhesabu mapigo, endelea kushika mkono wa mgonjwa kama vile bado unapima. Ulaze juu ya kifua chake, kisha hesabu pumzi kwa dakika 1 kamili. Akijua unazihesabu, atazibadilisha bila kukusudia. Hata shuka likificha kifua, utausikia mkono ukipanda na kushuka.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Zikifika 25, usingoje presha ishuke ndipo umwite daktari. Mara nyingi pumzi hubadilika kwanza, iwe ni damu inavuja ndani, nimonia au maambukizi yaliyosambaa mwilini. Na aliyechomwa mofini, dawa kali ya maumivu, akawa anapumua mara 8 au chini, tena ukimwita haamki vizuri, huyo hajapitiwa na usingizi tu. Usimwache: mtikise, mpe oksijeni, ita msaada hapo hapo.