Ziwa Duluti kwa siku moja: kufika, kuzunguka msitu na kupiga kasia bila kuloa

Wakuu, salaam. Kila ikifika Ijumaa jioni napata ujumbe ule ule: Duluti naendaje, kiingilio bei gani, naweza kuogelea? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena namtumia uzi huu bila hata salamu.

Hatua ya 1: Kufika. Ukitoka Arusha mjini panda daladala ya Tengeru au Usa River. Ukitoka Moshi panda Kosta ya Arusha, mwambie konda unashuka Tengeru. Ziwa liko kusini mwa barabara kuu. Bodaboda wote wanalijua, mpatane bei kabla hujapanda.

Hatua ya 2: Muda. Asubuhi, mapema uwezavyo. Mlima Meru huwa wazi kabla mawingu hayajaamka, na Kilimanjaro nayo ukibahatika. Mchana upepo huongezeka, na sababu ya kuuogopa utaiona hatua ya 5.

Hatua ya 3: Getini. Msitu huu ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Kwa hiyo uwe na salio, chaji na kitambulisho cha kuonyesha kuwa wewe ni Mtanzania. Bei siandiki kwa sababu hubadilika, halafu mnakuja kunigombeza mimi. Kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya kupiga kasia, ni malipo ya pembeni.

Hatua ya 4: Kuzunguka ziwa. Njia inapita ndani ya msitu, na kwa mwendo wa kuangalia vitu ni saa moja mpaka mbili. Wengi huikimbia ili wawahi picha za kwenye kayaki. Wanakosa. Kima wako juu ya miti, furukombe utamsikia kabla hujamwona, na mnandi hukaa kwenye kisiki ametandaza mabawa ayakaushe. Kenge naye hutulia ukingoni mpaka umkaribie, ndipo ajitose majini chubwi! na mtu mzima aruke. Hana shida na wewe, mwache apite. Vaa viatu vyenye meno, hasa masika, maana mizizi ikiloa inateleza vibaya. Suruali chomeka ndani ya soksi: siafu wakivuka njia hawakupi taarifa, unajua wapo wakishafika magotini.

Hatua ya 5: Kayaki. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo nimeona simu, miwani na heshima za watu zikizama.

Watu hawapinduki katikati ya ziwa. Wanapinduka ukingoni, wakipanda au wakishuka. Mtu anaweka mguu mmoja ndani, anasimama wima ajipange, kayaki inasogea, mguu wa pili umebaki nchi kavu, basi. Fanya hivi: kayaki ilale sambamba na ukingo, mwenzako aishike. Chuchumaa. Shika pande zote mbili, tanguliza makalio yakae katikati ya kiti, kisha ingiza miguu. Usisimame hata sekunde moja. Kushuka ni vivyo hivyo kinyumenyume, na hapo ndipo watu hujisahau kwa sababu wameshaona wamekuwa mabaharia. Mkiwa wawili, mzito akae nyuma.

Laifu jaketi ifungwe vifungo vyote kabla hujagusa maji. Siyo kuikalia, siyo kuivua katikati ya ziwa ili nguo ionekane kwenye picha. Simu weka kwenye mfuko usioingiza maji, uufunge kwenye jaketi. Miwani ifunge kamba.

Halafu upepo. Anza safari kwa kuukabili, ili ukichoka ukurudishe wenyewe. Wageni hufanya kinyume: wanasukumwa mpaka ng'ambo wanacheka, kurudi mikono imekufa. Maji yakianza kukunjamana, geuza.

Mkipinduka msiiache kayaki. Inaelea, ishikeni, pigeni kelele, msubiri. Anayejaribu kuogelea mpaka ukingoni ndiye anayeishiwa nguvu njiani, na matete yanamsubiri huko.

Hatua ya 6: Takataka zako rudi nazo.

Maswali karibuni.

---

Chalii wa Sakina: Mkuu kiingilio shilingi ngapi?

Mleta uzi: Hatua ya 3.

Chalii wa Sakina: Nimesoma, hujaandika bei.

Mleta uzi: Na sababu nimeandika.

Mpenda Nyika: Tuko vijana kumi, tunakuja na spika na mkaa. Inaruhusiwa?

Mleta uzi: Ndugu, huo ni msitu wa hifadhi. Moto hauwashwi unapojisikia. Waulizeni getini mahali pa kupumzikia. Spika iacheni nyumbani. Watu wanakuja kusikiliza furukombe.

Mzaliwa wa Pwani: Mimi nimekulia baharini. Mbona unatutisha na kuogelea?

Mleta uzi: Sijasema hujui kuogelea. Bahari haina kichocho. Maji matamu yaliyotulia yenye majani ukingoni ndiyo makazi ya konokono wanaokibeba, na vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache, huhitaji kunywa. Ukitumbukia kwa bahati mbaya, toka ujikaushe haraka. Ukija kuona damu kwenye mkojo wiki au miezi baadaye, nenda ukapime. Dawa yake, praziquantel, ipo. Na kama unaona natisha, uamuzi ni wako.

Mama Wawili: Samahani kaka, nina mtoto wa miaka saba. Anaweza kupanda kayaki?

Mleta uzi: Anaweza dada, akiwa na mtu mzima, ila kila kitu ni jaketi. Usikubali ya mkubwa. Mfungie, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Ikipanda mpaka masikioni ni kubwa, omba nyingine. Hawana saizi yake? Zungukeni msitu tu, atafurahi kuliko unavyodhani. Hesabuni kima.

Mwalimu Jiografia: Ziwa halina mto unaoingia wala unaotoka. Maji yanatoka wapi? Na je, kweli kina ni mita 700?

Mleta uzi: Mwalimu, swali zuri hili. Duluti ni kreta, yaani shimo la volkano, na maji yake ni ya mvua na ya chini ya ardhi yanayoshuka kutoka upande wa Meru. Mita 700 ni hadithi. Watafiti waliochukua tope la chini ya ziwa waliandika kina cha kama mita 9. Tope hilo lilikuwa na mabaki ya mwani na chavua, wakasoma humo hali ya hewa ya huku tangu kama mwaka 1000 hadi 1800. Na mita 9 zisikudanganye, ni nyumba ya ghorofa tatu kwenda chini.

Mwana Rombo: Sisi wa Moshi tuna Ziwa Chala, nalo ni kreta. Lenu ni bwawa tu.

Mleta uzi: Chala nakubali, rangi ya maji yale haina mpinzani, na kina chake kinapita mita 90. Kutazama nenda. Kuogelea usiende: mwaka 2002 mamba alimuua msichana wa Kiingereza aliyekuwa anaogelea mle.

Mdiria: Na Momella je?

Mleta uzi: Hiyo ni habari nyingine. Maziwa ya Momella yako ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, taratibu ni za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na kayaki zipo Momella Ndogo ukiwa na askari, kwa sababu kuna viboko. Maji ni ya magadi, na kila ziwa lina chumvi zake, ndiyo maana heroe unawakuta ziwa hili, na ziwa lile hawapo. Kama shida yako ni ndege, Momella. Kama ni utulivu na nauli ndogo, Duluti.

Mama Wawili: Ahsante kaka. Tukimaliza mapema kuna kingine karibu?

Mleta uzi: Makaburi ya Wapolandi, ndani ya eneo la chuo cha mifugo Tengeru. Vita vya Pili vilileta wakimbizi karibu 5,000, wengi wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia kwa nguvu. Omba ruhusa getini.

Mpenda Nyika: Na soko la Tengeru ni siku gani?

Mleta uzi: Jumatano na Jumamosi. Parachichi na ndizi za kila aina. Nunua mwisho, ukishatoka ziwani, na Jumamosi jiandae: daladala za kurudi mjini hujaa mikungu mpaka miguuni.