Jinsi ya kuujenga upya msimu wa kwanza wa WBL, 1978–79

Ukitaka kuujua msimu wa 1978–79 wa NBA, ligi kuu ya wanaume ya mpira wa kikapu Marekani, unakaa tu na kusoma. Kila kitu kimeshapangwa. Ukitaka kuujua msimu wa mwaka huohuo wa WBL (Women's Professional Basketball League), ligi ya kwanza ya wanawake wa Marekani kucheza mpira wa kikapu kwa kulipwa na kumaliza msimu mzima, sehemu kubwa ya kazi itakuwa yako. Utaokota matokeo gazeti kwa gazeti, uyapange, uyahakiki. Mimi ni mtu wa meza ya alama. Nimezoea kujaza karatasi ya mechi huku kelele za uwanja zikiwa kichwani, na kwangu mchezaji aliyefunga pointi mbili usiku mmoja tu anastahili mstari wake sawasawa na nyota wa timu. Wanawake wa WBL wengi wao hawana mstari huo. Hii hapa ndiyo njia ninayoitumia kuwatafutia.

Anza na msimamo wa ligi, kabla hujagusa mechi hata moja. Watu wengi huanza na hadithi za nyota, halafu wanapotea katikati. Msimamo ndio unaokuonyesha ukubwa wa kazi na mahali penye pengo. Msimu huo timu zilikuwa nane, kanda mbili. Kanda ya Mashariki: Houston Angels walishinda 26 na kupoteza 8, New York Stars 19 na 15, Dayton Rockettes 12 na 22, New Jersey Gems 9 na 25. Kanda ya Kati Magharibi: Chicago Hustle na Iowa Cornets kila mmoja 21 na 13, Minnesota Fillies 17 na 17, Milwaukee Does 11 na 23. Houston kuwekwa Mashariki kutakushangaza ukitazama ramani, lakini usiwahamishe; ligi ya timu nane zilizotawanyika kutoka Texas hadi New York ilibidi igawanywe hivyohivyo.

Sasa jumlisha. Kila timu ilicheza mechi 34. Timu nane mara 34 ni 272, na kwa kuwa kila mechi inahesabiwa na timu mbili, mechi zote ni 136. Ushindi wa timu zote lazima uwe 136, na vipigo navyo 136. Jumlisha namba nilizoandika hapo juu: Mashariki ushindi 66, Kati Magharibi 70. Jumla 136. Vipigo 70 na 66, jumla 136. Msimamo umekaa sawa, na hapo tayari umejua jambo ambalo hakuna gazeti lililokwambia: ukiwaondoa Houston, kanda ya Mashariki ilikuwa dhaifu. Timu tatu zilizobaki zilishinda mechi 40 na kupoteza 62.

Kwa hiyo chora daftari lenye mistari 136. Tarehe, mji, mwenyeji, mgeni, matokeo, idadi ya watazamaji, chanzo. Acha mistari mitupu. Ndiyo itakayokusukuma.

Mstari wa kwanza nakupa mimi. Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 1978, Milwaukee Arena, Milwaukee Does wakiwa wenyeji wa Chicago Hustle. Chicago walishinda 92 kwa 87, na watazamaji waliotangazwa walikuwa 7,824. Iandike idadi hiyo, lakini kando yake andika neno “waliotangazwa”. Katika ligi changa yenye kutafuta wafadhili, idadi ya watu inayosomwa kwenye kipaza sauti na idadi ya tiketi zilizolipiwa ni vitu viwili tofauti, na gazeti mara nyingi hunakili ya kwanza bila kuuliza. Usiifute, usiisahihishe kwa kukisia. Iite jina lake tu.

Mechi hiyo pia inakufundisha kusoma magazeti ya enzi ile. Miji mingi ya Marekani ilikuwa na gazeti la asubuhi na la jioni. Milwaukee walikuwa na Sentinel asubuhi na Journal alasiri. Mechi ya Jumamosi usiku haiwezi kuwa kwenye Sentinel ya Jumapili kwa sababu Sentinel haikutoka Jumapili. Itafute kwenye Journal ya tarehe 10, kisha Sentinel ya Jumatatu tarehe 11. Des Moines ni hivyohivyo: Register asubuhi, Tribune jioni. Gazeti la asubuhi linakupa matokeo yaliyoandikwa kwa haraka, la jioni linakupa kocha akizungumza, nani alikuwa na kifundo kilichovimba, nani hakusafiri na timu. Ukisoma moja tu na kufunga faili, umeacha nusu ya mechi.

Kila mechi itafute katika miji yote miwili. Gazeti la mwenyeji litampa nyota wao aya tano na kumtaja mgeni aliyefunga pointi nyingi kwa jina la ukoo lililokosewa herufi. Gazeti la mgeni litaandika jina lake sawasawa, kwa sababu mama yake huenda analisoma. Na usiishie kwenye habari kubwa. Shuka mpaka kwenye maandishi madogo kabisa mwisho wa kurasa za michezo, pale zinapobanwa mbio za farasi na uhamisho wa wachezaji. Huko ndiko jedwali la mechi linakolala, na huko ndiko utakakoona kwamba klabu imemwacha mchezaji Jumanne na kusajili mwingine Jumatano.

Jedwali lenyewe lina lugha yake. Baada ya jina la mchezaji unakuta kitu kama hiki: 9 4-6 22. Maana yake alifunga vikapu tisa mchezo ukiendelea, mitupo huru minne kati ya sita, jumla pointi 22. Hakiki papo hapo: tisa mara mbili ni 18, ongeza nne, 22. Ikiwa gazeti limechapa 23, kuna namba moja imekosewa kati ya tatu, na hujui ipi. Teremka safu nzima ya pointi uone kama inafikia jumla ya timu, kisha jumlisha robo nne zilizoandikwa chini. Robo zikitoa jumla ileile ya matokeo, na safu ya wachezaji ikizidi kwa pointi moja, basi shaka yako inahamia kwenye 23. Andika 22 na uweke alama pembeni, pamoja na sababu. Ukifanya hesabu hii kwa kila jedwali utazoea haraka mpaka jicho litaona kosa kabla ya kalamu. Kwa misimu iliyofuata angalia pia kama mtupo wa pointi tatu umetajwa. NBA wenyewe waliuanza 1979–80, kwa hiyo usidhani tu kwamba ulikuwapo.

Majina yatakusumbua kuliko namba. Wachezaji hawa waliolewa, wakaachana, wakaolewa tena, na gazeti likabadilisha jina bila taarifa. Molly Bolin, aliyekuwa mchezaji wa kwanza kusajiliwa na Iowa Cornets, alizaliwa Molly Van Benthuysen na baadaye akawa Molly Kazmer. Ukimtafuta kwa jina moja unapata theluthi ya maisha yake. Ann Meyers, mchezaji mwingine wa ligi hii, ni Ann Meyers Drysdale katika maandiko ya baadaye. Fungua ukurasa mmoja kwa kila mchezaji, juu yake andika majina yote unayoyakuta, chuo alichotoka, urefu wake kama ulivyochapishwa. Chuo na urefu ndivyo vitakavyokusaidia kumtambua jina linapokuwa limeharibika. Hata kifupi cha ligi kina mtego: World Basketball League, ligi ya wanaume yenye kikomo cha urefu iliyoanza 1988, nayo iliitwa WBL. Tafuta kwa jina zima, kisha weka miaka.

Iowa wape muda wako mwingi. Nasema hivyo nikijua Houston ndio waliotwaa ubingwa wa 1979, kwa kuwafunga Iowa mechi tatu kwa mbili katika fainali. Lakini Iowa palikuwa na kitu ambacho miji mingine haikuwa nacho: jimbo zima lililokwisha kuwapenda wasichana wanaocheza. Shule za sekondari za huko zilikuwa na mchezo wa wasichana sita kwa sita, watatu wakishambulia katika nusu moja ya uwanja na watatu wakilinda nusu ya pili, hakuna kuvuka mstari wa kati, na mwenye mpira anaruhusiwa kuudundisha mara mbili tu. Msichana aliyelelewa katika mchezo huo alijifunza kupiga haraka, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Bolin ametoka humo. Machi 1980 alifunga pointi 55 katika mechi moja ya WBL, na ukiyajua mazingira aliyokulia namba hiyo inaeleweka kabisa. Kwa hiyo usiwasome Cornets bila kusoma kurasa za michezo ya shule za Iowa za miaka ya kabla ya hapo. Halafu angalia vizuri safu ya “mji” kwenye daftari lako: Cornets hawakuwa na nyumba moja, walicheza Des Moines na pia Cedar Rapids, na gazeti la mbali likiandika “huko Iowa” bado hujajua ni wapi.

Kwa Chicago kazi ni nyepesi kidogo. Walicheza katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha DePaul, kocha wao alikuwa Doug Bruno, baadhi ya mechi zao zilionyeshwa na televisheni ya WGN, na Rita Easterling ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa ligi msimu huo. Timu yenye televisheni huacha alama nyingi.

Sasa fedha. Fungua safu ya pili ya kumbukumbu sambamba na mechi, na uichukulie kwa uzito uleule. Bolin alisaini kwa dola 6,000 kwa mwaka. Linganisha na kilichomtokea Ann Meyers: mwaka 1979 Indiana Pacers wa NBA walimpa mkataba wa dola 50,000, akafanya majaribio na wanaume, hakuchukuliwa katika timu, kisha akaenda kuchezea New Jersey Gems. Kila unapokuta habari ya mshahara uliochelewa, hundi iliyokataliwa benki, hoteli inayodai, mmiliki aliyejitoa, iandike na tarehe yake, kisha uiweke kando ya matokeo ya wiki hiyo. Timu iliyopoteza mechi sita mfululizo pengine ilikuwa imeuza mchezaji wake bora ili kulipa wengine. Mwisho wa njia hii unaonekana wazi Machi 1981: wachezaji wa Minnesota Fillies, wakiwa hawajalipwa, walitoka uwanjani Chicago wakakataa kucheza. Anayeisoma mechi hiyo kama “haikuchezwa” tu hajaisoma. Hao ni wafanyakazi waliogoma, na mechi yao inastahili maelezo marefu kuliko mechi yoyote ya msimu ule.

Ukifanikiwa kuzungumza na mtu aliyekuwapo, usimuulize alifunga pointi ngapi. Hilo utalipata kwenye gazeti. Muulize walisafiri na nini, walikula wapi baada ya mechi, nani alifua jezi, mshahara ulikuja kwa mkono au kwa posta. Mpelekee jedwali la mechi yake moja, lililochapwa kwa herufi kubwa, mwachie alisome kimya kwanza. Akitaja jina la mwenzake ambalo hulijui, andika kama alivyolitamka, urudi nalo kwenye maandishi madogo.

Ukumbi wa Heshima wa Mpira wa Kikapu wa Wanawake ulioko Knoxville, Tennessee, uliwatambua wachezaji wa WBL kama watangulizi wa mchezo mwaka 2018, na tangu hapo baadhi yao wamekuwa wepesi zaidi kuongea.

Daftari la msimu wa kwanza likijaa, au likibaki na mistari michache ambayo umeshaitafuta kwa kila njia, ndipo uingie 1979–80. Huko hesabu inabadilika. Dayton hawapo tena, timu mpya saba zimeingia, jumla 14, na mbili kati ya hizo mpya, Philadelphia Fox na Washington Metros, zilikufa kabla ya msimu kuisha. Timu hazikucheza idadi sawa ya mechi, kwa hiyo usiipate jumla kwa kuzidisha. Jumlisha ushindi wote, jumlisha vipigo vyote, namba mbili hizo lazima zilingane. Matokeo ya timu zilizokufa yabaki ndani ya daftari, na wachezaji wake wafuate mmoja mmoja uone nani alisajiliwa kwingine kabla Januari haijaisha.