Namna ya kupiga picha ya pande tatu ya sampuli nene kwa hadubini ya holografia

Hadubini ya kawaida yenye lenzi ya mara 40 huonyesha kwa ukali tabaka la takriban mikromita 1 tu, hivyo anayechunguza maji ya dimbwi yenye kina cha milimita 1 hulazimika kuzungusha skrubu huku viumbe wakimtoroka. Holografia, aliyoibuni mwanafizikia Dennis Gabor mwaka 1947, hunasa kina chote kwa mpigo mmoja, kwa sababu kamera hairekodi sura ya kiumbe bali miviringo ya giza na nuru inayotokea pale wimbi lililotawanywa na kiumbe linapokutana na wimbi lililopita bila kuguswa.

Elekeza leza nyekundu kwenye kitundu chembamba, kisha mwanga upite katika chombo cha kioo chenye sampuli na kuangukia kihisi cha kamera kisicho na lenzi. Piga kwanza picha ya chombo kikiwa na maji safi, maana kila punje ya vumbi kwenye kioo huacha miviringo yake. Picha ya sampuli itagawanywa kwa picha hiyo. Muda wa kupiga usizidi milisekunde 1, la sivyo kiumbe anayeogelea ataifuta miviringo yake mwenyewe.

Kisha programu ya kompyuta ikokotoe wimbi hilo kurudi nyuma, kutoka kwenye kihisi kuelekea sampuli, hatua kwa hatua ya mikromita 10, na hologramu moja, yaani picha moja ya miviringo, itazaa picha 100 hivi, kila moja ya kina chake. Hapa wengi hupotea kwa kutafuta picha iliyokolea zaidi. Kanuni hiyo inafaa kwa chembe ya mchanga. Kiumbe anayepenyeza mwanga hufifia, karibu atoweke, pale pale alipo, kwa kuwa huuchelewesha mwanga bila kuumeza. Mtafute kwenye picha ya awamu, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake, ambayo hupima ucheleweshaji huo.

Tishu nene ni kazi nyingine, kwani hologramu moja hujumlisha ucheleweshaji wa tabaka zote. Mwaka 1969 mwanafizikia Emil Wolf alionyesha jinsi hologramu zilizopigwa kwa pembe nyingi zinavyoweza kurudisha umbo la ndani, mradi mwanga usitawanywe mara nyingi njiani. Kwa leza ya nanomita 633, seli yenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.36 ndani ya maji ya 1.33 huchelewesha wimbi moja zima kila mikromita 21, na hapo awamu huanza tena sifuri. Tishu iliyokwisha kukaushwa kwa dawa iloweke katika gliserini, yenye 1.47, ili tofauti hiyo ipungue, kwa kuwa tishu iliyotolewa maji hupinda mwanga karibu kama gliserini.