Unavua gwanda unaingia mtaani: anza na makaratasi

Usaili wangu wa kwanza baada ya kutoka jeshini niliharibu ndani ya dakika kumi tu. Dada aliyekuwa ananisaili kauliza nilikuwa nafanya nini huko, nikakaza mgongo nikajibu "nilikuwa sajenti wa MT, afande". Kwanza yule sio afande, pili akauliza MT ndo nini, nikabaki natoa macho maana kikosini hakuna mtu aliwahi kuniuliza swali kama hilo. MT ni kitengo cha magari na usafiri, nilikuwa nasimamia karakana ya malori, mafundi wanane chini yangu, leja ya spea nasaini mimi, halafu kwenye CV nimeandika mstari mmoja: Mwanajeshi, JWTZ. Basi.

Kwa hiyo wewe ambaye bado una mwaka au miezi sita kikosini, anza sasa hivi ukiwa bado ndani, usisubiri kuagwa. Hakikisha una karatasi zinazoonyesha uliingia lini, umetoka lini na cheo gani, vyeti vya kozi zote ulizopiga hata zile za wiki mbili, na kama ulienda misheni ya Umoja wa Mataifa, Darfur, Lebanon au Kongo, kile cheti cha kule usikiache kwenye begi la chini ya kitanda, wenzetu wa mashirika wanakiangalia sana. Ukishatoka, kufuatilia karatasi moja iliyosahaulika ni nauli na "njoo kesho".

Kama ni fundi (umeme, magari, uashi, upishi, chochote) lakini ulijifunzia kazini, nenda chuo cha ufundi cha VETA kilicho karibu uulizie urasimishaji wa ujuzi. Wanakupima kwa vitendo, wanakuhoji, palipopungua wanakuongezea mafunzo mafupi, unatoka na cheti ambacho bosi wa uraiani anakielewa. Madereva nao vilevile, najua umeshika usukani wa lori konvoi nzima usiku bila taa, ila mwenye malori anataka kuona leseni daraja E, na ukitaka mabasi ni daraja C, chuo cha usafirishaji NIT pale Mabibo wana kozi ya madereva wa magari ya abiria.

Sasa CV. Chukua daftari, andika siku yako moja ya kazi toka saa kumi na moja alfajiri mpaka jioni, kwa Kiswahili cha kumwambia shangazi yako. Shangazi hajui kwatamasta, ila anajua "nilikuwa natunza stoo, napokea mzigo, nahesabu, nagawa, na ikipotea buti moja mimi ndo naulizwa". Hiyo ndo CV yako. Aliyekuwa signo aandike redio, nyaya na mitambo ya mawasiliano, aliyekuwa anafundisha kuruta aandike kwamba kafundisha vijana na walikuwa wangapi. Idadi za silaha, sehemu za vikosi na mambo ya namna hiyo acha hukohuko, hakuna mwajiri wa maana atakayekuuliza, na akikuuliza ujue huyo hana nia nzuri.

Ajira Portal, mtandao wa kuombea kazi za serikali, fungua akaunti, lakini soma tangazo mpaka chini kabisa, pale watu ndo wanaporuka. Mengi yanataka umri usiozidi miaka 45, na yanasema aliyestaafishwa katika utumishi wa umma haruhusiwi kuomba mpaka awe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Vyeti viwe vimethibitishwa na mwanasheria. Nimeona jamaa anatuma maombi kumi na mbili anashangaa hajibiwi, kumbe ana miaka 51.

Ulinzi ni kazi halali, sikatai, SUMA JKT Guard na makampuni mengine yapo. Ila usikimbilie getini kwa sababu tu ndo mlango wa kwanza kuuona. Migodini na viwandani wanatafuta watu wa usalama mahali pa kazi, ukipata kozi ya OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini) ukaongeza na nidhamu uliyonayo, unakaa meza nyingine kabisa.

Haya, kiinua mgongo. Hapa ndo penye vilio. Siku hela inaingia utashangaa watu wanavyojua, binamu ana lori linauzwa bei ya kutupa, rafiki anakupigia hesabu ya tikiti maji kwenye simu, ekari moja matunda kadhaa mara buku mbili mbili, unaona kabisa umeshatajirika na hata mbegu hujanunua. Mimi nilikuwa naenda kununua bajaji nne kwa mpigo, mke wangu akagoma, tukanuniana wiki nzima, leo namshukuru. Weka miezi sita bila kuigusa hela kubwa. UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, wana mifuko ambayo ukitaka hela yako unaipata baada ya siku chache, au hatifungani za Serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) kupitia benki yako, unaanza na milioni 1 na riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Biashara ianze na kipande kidogo ambacho hata kikipotea mtakula.

Gwanda rudisha, hata lile koti la baridi unalolipenda. Mwaka 2023 jeshi lilitoa siku 7 raia wasalimishe mavazi ya kijeshi, na wewe sasa ni raia.

Halafu sauti. Uraiani ukisema "fanya" mtu anakuangalia. Kijana wa kwanza niliyepewa kumsimamia gereji nilimfokea siku ya pili tu, siku ya tatu hakuja, simu kazima, pampu ya dizeli kaiacha imefunguliwa mezani vipande vipande na mwenye gari anakuja saa nne.