Kabla Hujatoka Kwenda Kula Dar, Jua Saa

Ukiwauliza watu wa Dar es Salaam mahali pa kunywa supu nzuri, kila mmoja atakutajia mtaa wake na kukuapia. Huenda wote wakawa wakweli na bado ukarudi na njaa, kwa sababu hakuna aliyekwambia saa. Katika jiji hili kila chakula kina muda wake wa kutoka jikoni na muda wake wa kuisha, na mwenye jiko hamsubiri mgeni. Kwa hiyo kabla ya kutafuta majina ya migahawa, panga siku yako kwa saa.

Supu ni ya asubuhi. Iwe ya ng'ombe, ya utumbo, ya kongoro au ya kuku, na chapati mbili pembeni, ifuate saa 1 au saa 2. Ukifika saa 4 utauziwa mchuzi uliokwisha kuongezwa maji, na ndimu haitausaidia. Chakula cha mama lishe nacho ni cha mchana: wali maharage, ugali kwa samaki wa kukaanga, dagaa, matembele, kisamvu. Kuanzia saa 6 masufuria yamejaa, ila wanaofanya kazi jirani wanamjua kuliko wewe na wanafika kwanza. Ukichelewa hadi saa 8 na nusu, ukauliza, "Shikamoo mama, leo kuna nini?" jibu litakuwa, "Marahaba mwanangu, imebaki ugali na mboga za majani." Huna wa kumlaumu.

Jioni ni zamu ya moto wa mkaa. Mishkaki, kuku wa kuchoma, chipsi mayai na pweza havina haraka ya kuonekana kabla jua halijazama. Katikati ya jiji, Mamboz, nyumba ya kuku na mishkaki iliyo kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya ni mfano mzuri: asiyeijua akipita hapo mchana anaweza asiitambue, lakini usiku moshi utamwonyesha njia. Muuza pweza wa mtaani hukukatia vipande vidogo na kukupa kijiti na pilipili. Muombe na supu yake ya kwenye kikombe. Wanaume wana hadithi zao kuhusu supu hiyo, nami siziingilii.

Soko la samaki la Feri, pale Kivukoni, linahitaji maandalizi ya peke yake. Mashua huingia mapema, na mnada huchangamka asubuhi kabla jua halijawa kali. Ukipenda kuona kazi yenyewe, wapiga mnada wakipayuka na kina mama wakigombania ndoo, amka alfajiri. Ukitaka kula tu, unaweza kufika baadaye, kwa kuwa ipo sehemu ya wakaangaji inayoendelea mchana. Utaratibu ni huu: unanunua samaki, kijana anampara na kumtoa matumbo, kisha unampeleka kwa mkaangaji. Hao ni watu watatu tofauti wenye malipo matatu tofauti, basi elewana bei na kila mmoja kabla kisu hakijamgusa samaki. Jifunze pia sura za samaki wachache kabla ya kwenda: changu, kibua, nguru, jodari, kolekole. Anayesema "nipe huyo mwekundu" hupewa bei ya mgeni. Mwezi nao una neno lake. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku, hivyo siku za mbalamwezi kali dagaa hupungua na bei hubadilika. Vaa viatu usivyoviogopea maji, maana sakafu haikauki. Na simu yako ya picha iwe na adabu: Ikulu iko jirani kabisa na soko, na si jengo la kupigwa picha. Hata wauzaji, waombe ruhusa kwanza; wengi watakubali ukishanunua kitu.

Nyama choma ina saa yake ya ndani. Baa nyingi za Sinza, Kijitonyama na kwingineko huuza kwa kilo. Unakwenda mwenyewe kwa mchinjaji, unaonyesha kipande, kinapimwa, kinapelekwa kwenye moto. Kuanzia hapo hesabu dakika arobaini hadi saa nzima, na anayekuahidi dakika kumi anakupa nyama iliyochomwa jana. Agiza kabla hujaanza kusikia njaa. Simama mzani ukisomwa, uliza kama ndizi na kachumbari zimo kwenye bei, na sema mapema kama unataka kavu au rosti.

Siku ya wiki ina uzito pia. Biriani hupikwa siku nyingi, lakini Ijumaa ndiyo siku yake, na nyumba nyingi za vyakula vya Kiswahili hufurika baada ya swala. Nenda kabla ya adhana au subiri watu wapungue, usijipenyeze katikati. Ramadhani hubadilisha jiji zima: mchana majiko mengi hufungwa au huwekwa pazia, na asiyefunga hutarajiwa kula kwa staha. Hasara hiyo hulipwa usiku. Futari ya Dar ni karamu, magimbi na mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, kachori, na mitaa ya Kisutu na Upanga hukesha. Kama unaweza kuchagua mwezi mmoja tu wa kuja kula, mimi ningechagua huo. Kipindi cha kukwepa ni masika, Machi hadi Mei. Majiko ya nje hulowa, na mvua kubwa hujaza bonde la Jangwani mpaka Barabara ya Morogoro hufungwa, nawe ukabaki upande ambao chakula hakipo.

Pesa ni jambo fupi. Lipa namba, yaani kulipa kwa simu, imeenea, ila muuza mihogo wa Coco Beach anapenda noti za elfu moja na elfu mbili, na ukimpa ya elfu kumi utazungushwa kutafuta chenji. Migahawa ya Masaki na Oysterbay hupokea kadi. Huko soma chini ya menyu kama bei imejumuisha VAT, ili bili isije na mshangao.

Jua unakwenda na nani. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kinapendwa sana Dar, na baa nyingine huchoma nyama za kila aina katika eneo moja. Ukiwa na rafiki Mwislamu, au mkwe ambaye hamjazoeana, chagua mahali kwa kumfikiria yeye kabla hamjaondoka, usimwache akae mezani akinywa soda peke yake. Kwa asiyekula nyama kabisa, mitaa ya Kisutu yenye mahekalu ya Kihindu ina vyakula visivyo na nyama wala samaki, vilivyopikwa na watu wanaojua kazi hiyo. Mwenye aleji ya karanga asiamini macho. Karanga huyeyuka ndani ya mchicha na kisamvu, basi aulize kila sahani, "Umeunga na nini, nazi au karanga?" Mpishi atajibu vizuri akiulizwa hivyo.

Kuhusu tumbo, kipimo changu ni moto. Supu inayochemka mbele yako, hata pembeni mwa mtaro, naiogopa kidogo kuliko kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi au juisi yenye barafu usiyojua maji yake. Juisi ya miwa ikamuliwe ukiwa umesimama pale. Siku ya kwanza usishibe mahali pamoja: sahani moja watu wawili, kisha songeni mbele.

Matamasha ya chakula yana tabia zao. Kiingilio mara nyingi hulipia kupita getini tu, chakula utanunua ndani, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi. Kwenye yale ya nyama choma, kama yaliyowahi kufanyika viwanja vya Leaders, Kinondoni, muziki hukolea usiku ilhali nyama nzuri hutoka mapema. Aliyefuata chakula afike mchana. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba, viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, huanza mwishoni mwa Juni, na humo utakuta mabanda ya chakula pia. Tarehe 7 Julai yenyewe iachie wenye subira ya foleni. Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, huandaa siku za utamaduni ambapo jamii fulani huleta ngoma na mapishi yake. Fuatilia ratiba yao, kwani hapo ndipo unapoweza kupata kiburu au mlenda kutoka kwa waliolelewa navyo.

Usafiri upangwe kwa kukimbia foleni ya saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Basi la mwendokasi hukufikisha Kivukoni na Gerezani, Kariakoo, bila kutafuta maegesho. Kariakoo simu iwe mfuko wa mbele. Kwa kurudi usiku, ita gari au bajaji kwa programu ya simu, na ikibidi bodaboda, patana bei kabla ya kupanda.

Mwisho, chukua kikapu na chombo chenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na samaki wa Feri aliyefungwa kwenye gazeti hafiki Tabata bila abiria wa daladala kukugeukia.