Uniti mbili na nusu kwa siku: kubana umeme nyumbani kwa sisi wa Mwanza

Kwangu kila luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) ikikata kabla ya muda kesi ya kwanza ilikuwa ni nani kaacha taa ya choo inawaka usiku kucha. Watoto wanasemwa, dada wa kazi anasemwa, mpaka mgeni aliyetoka Sengerema juzi anaanza kuzima taa hata za watu waliomo chumbani. Siku moja nikakaa na kalamu. Ile taa ni ya wati 5, ikiwaka masaa 10 ni 5 mara 10 unapata 50, gawa kwa 1000, ni uniti 0.05. Kwa bei yangu hiyo ni kama shilingi 18. Yani tumekosana ndani ya nyumba kwa shilingi 18 wakati asubuhi hiyo hiyo pasi imenyoosha yunifomu za watoto watatu moja moja na imekula karibu nusu uniti, mara kumi ya kesi yenyewe.

Hesabu ni hiyo tu haina siri: wati mara masaa gawa kwa 1000. Wati zimeandikwa nyuma au chini ya kifaa. Ukishapita nyumba nzima na karatasi utaona mwenyewe, kitu chochote kinachotoa joto ndiyo mlaji, pasi, hita, birika la umeme, jiko la sahani. Vinavyotoa mwanga na kelele havina shida sana.

Sasa bei. Chukua meseji ya mwisho ya luku, gawa hela uliyolipa kwa uniti ulizopata. Ukipata kama 122 hivi uko kwenye kundi la matumizi madogo, buku (shilingi elfu moja) inakupa uniti 8 na kidogo. Ukipata kama 356 uko kundi la kawaida kama mimi, buku inatoa 2.8 basi. Ila usipige hesabu na manunuzi ya kwanza ya mwezi maana pale inakatwa kodi ya jengo, ilianza kukatwa kwenye luku 2021, utadhani umeibiwa. Kundi dogo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, ukizidisha zile za juu bei yake inaruka vibaya na ukifanya hivyo mara kwa mara unahamishwa. 75 gawa kwa siku 30 ni 2.5. Kwa hiyo hata kama uko kundi la kawaida, jiwekee hiyo uniti mbili na nusu kwa siku kama kipimo, inasaidia sana kufikiri.

Cheki inavyogawanyika kwangu. Friji 1.1. Feni ya wati 50 masaa 8 ni 0.4. Taa sita za wati 9 masaa matano ni 0.27. Tivii ndogo ya wati 50 masaa sita ni 0.3. Jumla 2.07. Inabaki 0.43, na hiyo ndiyo inayogombaniwa na pasi, birika na ndoo ya maji ya moto, mmoja tu anatosha humo.

Ile 1.1 ya friji sikuitoa kichwani. Jumapili moja nilizima kila kitu nikaacha friji peke yake, nikaandika uniti zilizobaki kwenye rimoti ya luku saa moja asubuhi, halafu saa moja jioni, tofauti nikaizidisha mara mbili kupata siku nzima. Mwanzoni ilikuwa inakula zaidi ya hapo sana, nikashangaa maana ni friji ya kawaida ya milango miwili. Jirani akaniambia weka noti ya buku mlangoni, funga, vuta. Noti ikatoka kama iko kwenye sufuria yenye mafuta. Mpira wa mlango umechoka, baridi inatoka usiku na mchana na mota haipumziki. Nikaupangusa kwa maji ya moto na sabuni, upande mmoja ukarudi, upande wa bawaba fundi akabadilisha. Pia nikalisogeza kutoka ukutani, lilikuwa limebanwa kabisa na ule wavu wa nyuma hauna pa kutolea joto. Na jamani supu ya sangara isiingizwe friji ikiwa inafuka moshi, iache ipoe kwanza. Barafu ikishakuwa nene kama kidole yeyusha, usikwangue na kisu, nawajua waliotoboa friza hivyo wakanunua mpya.

Taa nitapita haraka. Kama bado una zile balbu za kioo za wati 60 toa leo, sita zikiwaka masaa matano ni uniti 1.8, LED za wati 9 zinatoa mwanga ule ule. Nunua dukani ambako unawashiwa kabla hujalipa, zile za kutandikwa chini barabarani nyingine wiki mbili tu zinaanza kupepesa. Ila kwa sisi wa karibu na maji, Kirumba, Igombe, Nyegezi kule, kuna hili la vidudu vya ziwani. Taa nyeupe kali barazani ukiwasha zile siku vimetoka unafagia ndoo asubuhi. Vinafuata mwanga, kama dagaa wanavyofuata taa za wavuvi usiku wa giza, ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa wanalala nyumbani. Weka taa ya njano barazani, na isiwe juu ya mlango, weka mbali kidogo ukutani au kwenye nguzo ili vikija vibaki huko.

Maji ya moto sasa, hapa ndiyo pesa inapotelea. Ndoo ya lita 20 kutoa kwenye ubaridi wa kawaida mpaka uvuguvugu wa kuoga inataka kama uniti 0.37. Zile hita za bafuni zinazochemsha maji yakipita nyingi ni wati 5000, ukioga dakika 10 umekula zaidi ya 0.8. Familia ya watu watano mnaoga mara mbili, piga mwenyewe. Mi sikatai, mvua za masika zikipiga asubuhi maji ya bomba yanauma, lakini Mwanza si Makete kwenye baridi kali. Kwetu Mabatini tumezungukwa na majabali, na jabali likipigwa jua toka saa nne ukikanyaga peku unaruka. Nachukua madumu mawili meusi ya lita 20, nayajaza, nayalaza juu ya jiwe lile linalotazama jua la mchana. Saa kumi maji ni ya kuogea kabisa. Nikiona tutaoga usiku nayafunga kwenye blanketi kuukuu na kuyaweka ndani ya boksi. Gharama sifuri. Wasio na jabali bati lipo, ila hakikisha dumu halitelezi, na usiweke kwenye bati lililochoka.

Hayo majabali yana ubaya wake pia. Chumba kilichoegemea mwamba usiku kinakuwa tanuri, jiwe linarudisha joto la mchana mpaka saa sita. Kabla hujanunua feni ya pili jaribu kufungua madirisha mawili yanayotazamana jua likishazama, na feni iweke dirishani ikiwa imetazama nje itoe lile joto, nusu saa tu, halafu igeuze. Na kama nyumba haina dari, hela ya feni weka kwenye dari.

Jiko la sahani la umeme kwa kupikia maharage sahau. Mkaa nao bei yake kila mwaka inapanda. Kwangu tumegawa kazi: gesi ni ya vitu vya haraka, chai, mayai, kupasha mboga. Vitu vigumu kama maharage, makande, utumbo vinaingia presha kuka ya umeme, ina wati 1000 lakini ikishapata presha inajizima zima na kuwaka kidogo kidogo. Maharage nusu kilo yaliyolala kwenye maji usiku hayanimalizii uniti, nimepima kwenye rimoti. Mkaa umebaki wa samaki wa kuchoma, sato wa presha kuka ni matusi.

Kuhusu gesi, watu wengi wanashtukizwa inaisha ugali ukiwa jikoni. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake juu pale, tafuta. Peleka kwenye mizani ya duka, toa huo uzito, kinachobaki ni gesi. Na ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha, likitoa mapovu yanayokua funga, fungua madirisha, usiguse swichi.

Na hili silifanyii mzaha. Usiku wa mvua usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupata joto ukafunga madirisha. Ile hewa ya sumu ya mkaa inaua, haina harufu, haiwashi macho, na kaa likishaacha moshi ukadhani liko salama ndiyo kwanza linaitoa. Vaa sweta, ongeza blanketi.

Kwa mnaokaa nyumba za kupanga luku moja vyumba sita, poleni, nimeishi hivyo miaka minne. Tulikuwa tunachanga buku mbili mbili kila mmoja, mwenye taa moja na mwenye friji sawa. Halafu tukagundua mmoja ana jiko la sahani chini ya kitanda, yani lilijulikana kwa harufu ya vitumbua saa kumi alfajiri. Dawa ni sabmita, yani mita ndogo ya kila chumba, kila mtu asomwe chake, fundi anafunga siku moja. Mkishindwa, andikeni vifaa vya kila chumba, pigeni ile hesabu ya wati na masaa, mchango ufuate hapo. Tena luku ya pamoja ni ngumu kukaa chini ya uniti 75, na ikizidi wote mnalipa bei ya juu hata yule mwenye taa moja. Ukiweza kufunga mita yako, funga.

Sola ndogo inasaidia umeme ukikatika. Paneli ya wati 50 kwa jua letu unapata kama masaa matano mazuri, ni wati-saa 250, yani robo uniti, kabla ya upotevu, inatosha taa nne za wati 5 jioni nzima na simu za nyumba. Haiwashi pasi, muuzaji akikuambia inawasha ondoka. Sisi tuko kusini ya ikweta kidogo tu, ilaze kidogo kuelekea kaskazini ili mvua iioshe, na angalia saa tisa kivuli cha jiwe au mwembe hakiifikii, kivuli cha kona moja kinaiangusha yote. Betri ya maji usiimalize, ikifika nusu acha.

La mwisho radi. Ziwa hili radi zake nyingi ni za usiku kuelekea alfajiri, unalala kumetulia unaamka tivii imekufa. Kuzima swichi hakutoshi, chomoa plagi, na waya wa dishi pia. Mimi nachomoa kabla ya kulala kila nikiona kunamweka upande wa Ukerewe. Umeme ukirudi usiwe wa kwanza kuwasha friji, subiri dakika tano, au funga friji gadi ikusubirie yenyewe.